Jina Moja kwa Kila Mtu

Abdulsamad huandika programu za kompyuta kwa kampuni ya Lewisville, Texas, inayopanga safari za malori, lakini ukiwauliza Waswahili wa Dallas na Houston kazi yake ni nini, wengi watakwambia ni fundi wa simu. Hajawahi kufungua simu hata moja. Jambo hilo halijamzuia mtu kumpelekea.

"Simu yangu imekuwa nyeusi," shangazi fulani wa Grand Prairie humwambia, mara tu anapotoka zamu hospitalini.

"Umebonyeza nini, shangazi?"

"Sikubonyeza kitu, mwanangu. Nimeiangalia tu."

Mwingine amesahau nenosiri la barua pepe, na mtandao unataka kumtumia namba ya siri kwenye laini ya Kenya iliyobaki Kongowea, Mombasa, ndani ya droo ya shemejiye. Mwingine simu yake haipokei tena picha kwa sababu imejaa video za "asubuhi njema" zenye maua. Abdulsamad huwasikiliza wote kwa upole, hufuta maua, humpigia shemeji wa Kongowea, kisha hurudi kwenye kazi yake ya mshahara, ambayo kwa kweli haina tofauti kubwa na hiyo.

Kutokana na miaka ya kazi hizo mbili amejijengea fikra moja. Watu hudhani kompyuta ni kaidi. Yeye huona imezidi utii. Hufuata neno kama lilivyosemwa, si kama lilivyokusudiwa, na karibu kila tatizo analoitiwa, liwe la ofisini au la sebuleni kwa mtu, limeanzia katika nafasi iliyo kati ya hayo mawili. Hulieleza jambo hili mara kwa mara, na watu hutikisa kichwa kwa adabu huku wakisubiri simu iwake.

Alizaliwa Mombasa, mtaa wa Kibokoni, akaja Houston na mamake akiwa bado shule ya sekondari. Alisoma chuo kikuu huko huko, kisha kazi ikampeleka kaskazini, Lewisville, safari ya nusu siku kwa gari. Mamake alibaki Houston. Abdulsamad naye alibaki mwanachama wa Kufaana, chama cha Waswahili cha kuzikana, na chama hicho ndicho alichokiandikia programu anayojulikana kwayo zaidi kuliko zote.

Kabla ya programu hiyo, habari za msiba zilisafiri kwa midomo. Maalim Zaid, aliyekuwa dereva wa teksi za uwanja wa ndege na ambaye mpaka leo ndiye msomaji wa makaburini, alikuwa akipiga simu mtu mmoja mmoja. Waliopata habari walijirekodi na kutuma sauti, waliosikia sauti waliisambaza, na sauti hazina tarehe. Mzee mmoja aliyezikwa mwezi wa Rajabu alikuja kuliliwa upya mwezi wa Shaabani na watu wa Fort Worth, waliofika mpaka mlangoni na sufuria za pilau. Mjane wake aliwapokea vizuri, lakini alisema hadharani kwamba kufiwa mara moja kunatosha.

Abdulsamad akajitolea kulitengeneza jambo hilo. Mwanachama angejiandikisha mara moja. Akifa, mtu wa nyumbani kwake angetoa taarifa, na programu ingewatumia wanachama wote tangazo moja fupi: jina, mahali, saa ya kuosha, saa ya kuzika. Katika majaribio alikutana na tatizo la majina. Watu walijiandikisha kama "Mama Afnan", "Fundi Breki", "Sharifu Mrefu", na mmoja aliandika "Mimi". Kwa mtu wa kazi yake, huo ulikuwa uchafu. Akaufuta wote na kuweka kanuni: jina la pasipoti, moja kwa kila mtu, na tangazo moja kwa kila msiba.

Katika mkutano wa chama Maalim Zaid aliinua mkono.

"Sasa Sharifu Mrefu akifa, nitajuaje kama ni yeye?"

"Utasoma jina lake, Maalim."

"Jina lake silijui."

"Basi utalijua."

"Siku ya kufa kwake?"

Ukumbi ulicheka, na Sharifu Mrefu mwenyewe alicheka kuliko wote. Abdulsamad alicheka pia. Pendekezo likapita, kwa kuwa watu walikuwa wamechoka na fujo, na kijana alikuwa amevaa shati zuri. Kwa muda mrefu programu ilifanya kazi bila kasoro. Waliofariki katika kipindi hicho walikuwa wanaume, na wanaume, kwa sababu ya kazi zao na leseni zao, huitwa kwa majina yaliyoandikwa.

Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, Abdulsamad alikuwa nyumbani kwa Kigen, Mkenya mwenzake wa ofisini anayeishi ghorofa ya chini katika jengo lile lile. Printa ya Kigen ilikuwa imegoma.

"Bro, hii kitu inanichukia," Kigen alisema. "Ikiona wewe inaanza kujifanya mzima."

"Haikuoni wala hainioni. Karatasi imekwama."

"Nimetoa karatasi yote."

"Hujatoa."

Alikuwa ameshaingiza mkono ndani ya printa simu yake ilipolia mlio anaoujua. Aliisoma kwa mkono wa pili. *Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Mwanakhamis Ubeid Salim, Houston. Kuoshwa: baada ya Adhuhuri. Sala na maziko: baada ya Alasiri.*

"Ni mtu wako?" Kigen aliuliza.

"Hapana. Ni mtu wa Houston. Simjui."

"Pole lakini."

"Ahsante."

Akalisoma tangazo mara ya pili, si kwa sababu ya marehemu. Alitaka kuona kama mistari imekaa sawa. Ilikuwa imekaa sawa. Tangazo lilikuwa fupi, safi, na limetoka kwa wakati. Akamwombea maghufira marehemu asiyemjua na kuendelea na karatasi.

Wakati huo huo, Missouri City, kusini mwa Houston, magari yalikuwa yakiegeshwa mbele ya nyumba ya Ubeid, mfanyabiashara anayesafirisha magari kwenda Mombasa. Watu walikuwa wamesoma majina mawili ya kwanza katika tangazo. Mkewe Ubeid anaitwa Mwanakhamis, na hapa Marekani, ambako mke huandikwa jina la mumewe, nani angekuwa Mwanakhamis Ubeid kama si yeye? Ubeid mwenyewe alikuwa bandarini akipakia magari, na simu yake haikupokewa. Hilo nalo lilichukuliwa kuwa dalili ya msiba.

Mamake Abdulsamad alikuwa miongoni mwa waliofika kwanza, amebeba birika kubwa la kahawa. Mlango ulifunguliwa na Bi Mwanakhamis, ana hina kichwani na mfuko wa nailoni juu ya hina.

"Karibuni," alisema, akiwatazama wanawake wenye mabuibui meusi waliojaa mpaka barabarani. "Kuna harusi nisiyoambiwa?"

Mwanamke mmoja wa nyuma, ambaye hakuona nani kafungua, alianza kulia kwa sauti.

"Wamlilia nani yule?"

"Wewe," mamake Abdulsamad akasema.

Bi Mwanakhamis alinyang'anya simu ya mgeni wa karibu, akalisoma tangazo lote, akashika kiuno.

"Mimi ni binti Abdalla. Ubeid ni mume wangu, hakunizaa! Huyu ni Mwanakhamis, babake ndiye Ubeid. Someni mpaka mwisho, nyinyi! Watu wazima na miwani yenu!"

"Basi aliyekufa ni Mwanakhamis gani?"

Waliulizana pale kibarazani. Mmoja alimkumbuka Mwanakhamis wa Lamu, lakini huyo alirudi kwao zamani. Mwingine alisema huenda ni mtu mgeni. Kwa kuwa aliyekusudiwa alikuwa hai, na kwa kuwa kahawa ilikuwa tayari imefika, watu walianza kukaa, na vicheko vikaanza. Hapo ndipo simu ya mamake Abdulsamad ilipolia.

Alikuwa Jannat, msichana anayesoma uuguzi, aliyelelewa na bibi yake katika nyumba ya kupanga karibu na msikiti baada ya mamake kufariki. Kiswahili chake si kingi, na siku hiyo kilikuwa kidogo zaidi.

"Anti, niko msikitini. Niko na Bibi. Adhuhuri karibu and nobody is here. Nimeweka kwa app asubuhi. Haikufika?"

"Bibi yako yuko wapi?"

"Yuko hapa, Anti. Bibi amekufa."

Bibi yake Jannat alikuwa Ma Chiku. Hakuna nyumba ya Waswahili Houston ambayo Ma Chiku hakuingia. Alikanda wazazi waliotoka kujifungua, alisuka mabibi harusi, na mahamri yake yalikuwa yakipelekwa mpaka Dallas kwenye mapaja ya wasafiri. Aliosha pia maiti wengi wa kike wa mji ule. Katika muda wote huo hakuna aliyemwuliza jina jingine. Jannat alieleza baadaye, kama bibi alivyomsimulia kwa kicheko: alipozaliwa alipewa jina la mama mzazi wa babake, Mwanakhamis, na mamake hangeweza kumkemea mtoto kwa jina la mkwewe, wala kumtuma chooni kuosha ndoo kwa jina hilo. Kwa kuwa mtoto alianza kusema mapema na hakunyamaza tena, mamake akamwita Chiku, yaani msemaji. Jina la heshima liliwekwa. Lilitoka siku ya kutafuta pasipoti, likarudi kabatini. Jannat ndiye aliyemjazia karatasi zake zote, kwa hiyo ndiye peke yake Marekani nzima aliyelijua, na programu ilipomtaka jina la pasipoti, aliliandika bila kukosea hata herufi.

Mamake Abdulsamad alimpigia mwanawe palepale barazani kwa watu.

"Abdu! Hiyo programu yako yasema kafa Mwanakhamis Ubeid."

"Ndiyo, Mama. Nimeliona tangazo."

"Umeliona, ukafanyaje?"

"Nimemwombea."

"Ni Ma Chiku, Abdu. Ma Chiku! Yule mtoto kakaa peke yake na maiti, hana wa kumshikia hata ndoo."

Abdulsamad alikuwa amekula kwa Ma Chiku miaka yake yote ya chuo kikuu. Kila Ijumaa alimwekea simu sawa ili amwone dada yake wa Mombasa, na kila Ijumaa Ma Chiku aliubonyeza uso wa dadake kwa nguvu, akidhani ndivyo unavyosogea karibu, mpaka picha ikakatika. Katika simu ya Abdulsamad yumo kwa jina la Ma Chiku, baina ya Kigen na Maalim.

"Nini?" Kigen aliuliza.

"Yule mtu niliyekwambia simjui."

"Eh?"

"Namjua."

Kigen alimtoa mkono ndani ya printa yeye mwenyewe. "Enda. Wachana na hii takataka. Enda!"

Akashika barabara ya Houston. Akili yake, ambayo imezoea kutengeneza hitilafu, ilikuwa tayari na dawa: tangazo la pili, lenye jina la pili. Alisimama kituo cha mafuta cha Corsicana, akaingia kwenye programu kwa simu, akaandika *Ma Chiku* na kubonyeza. Yakatokea maandishi mekundu: *Tangazo la marehemu huyu limekwisha tumwa. Ahsante kwa kushirikiana.*

Maneno hayo aliyatunga mwenyewe, kwa ajili ya watu wa Fort Worth na sufuria zao. Aliifikiria hata ile "ahsante", asije akaonekana mkali. Kompyuta yake ya kazi, ambayo kwayo angeweza kuiondoa kanuni hiyo kwa dakika chache, ilikuwa juu ya meza ya Kigen. Alisimama kando ya gari, juani, akibonyeza tena na tena kama shangazi wa Grand Prairie, na kila mara alishukuriwa kwa kushirikiana.

Akampigia mamake. "Mama, inakataa."

"Nani anakataa?"

"Programu. Haikubali tangazo la pili."

"Basi wewe endesha gari. Nitasema mwenyewe."

Na akasema. Sauti yake ilianza kusikika katika simu za wanawake wa Houston, kisha za waume zao, kisha za Lewisville na Grand Prairie, na ilimfikia Abdulsamad pia, imesambazwa na mtu asiyemjua, alipokuwa akiukaribia mji wa Huntsville:

"Asalaam aleikum, wanawake wenzangu. Nisikizeni vyema. Aliyekufa si Mwanakhamis wa Ubeid. Mwanakhamis wa Ubeid yu hai, niko kwake hapa, na ana hasira na nyinyi. Aliyekufa ni Ma Chiku. Ma Chiku wa mahamri! Ma Chiku aliyekukandeni nyote mlipozaa! Yuko msikitini na kile kijukuu chake, na hakuna mtu. Alokuwa na udhu aje, asokuwa na udhu aje atie huko huko. Na mlete maji ya waridi, ya dukani hayafai."

Nyuma ya sauti yake ilisikika sauti ya Bi Mwanakhamis ikiuliza nani kachukua ufunguo wa gari lake, na kusema kwamba anakwenda na hina yake hivyo hivyo.

Abdulsamad alipofika, uwanja wa msikiti ulikuwa hauna pa kuegesha. Wengine walikuja na nguo za kazi za hospitali, wengine moja kwa moja kutoka ghalani, na Ubeid alikuja na mafuta ya magari kwenye mkono wa kulia, akitoa mkono wa kushoto na kuomba radhi. Ma Chiku alikuwa ameshaoshwa. Wanawake walikuwa wengi mno hata ikabidi wapeane zamu, na ubishi wa nani alistahili kumsuka nywele kwa mara ya mwisho ulisikika mpaka upande wa wanaume.

Jannat alikuwa amekaa kwenye ngazi, amejifunika kanga ya mtu mwingine. Abdulsamad alimpa pole. Msichana aliitikia, kisha akasema, akitazama viatu vilivyojaa mlangoni:

"Nilifikiri watu hawakumpenda. Nilikaa pale ndani nikafikiri, okay, walikuwa wanapenda mahamri tu."

"Kosa halikuwa la watu," Abdulsamad alisema. "Ni programu."

Mamake alikuwa akipita na ndoo tupu. "Programu ilijiandika?"

"Ni mimi, Jannat," akasema. "Nilitaka jina moja tu."

Jannat alifikiri kidogo. "Lakini nililiandika sawa, si ndiyo? Jina lake?"

"Uliliandika sawa kabisa."

Baada ya Alasiri wakasali, wanaume wakaenda makaburini. Walinzi wa makaburi walitaka kufunga mapema, lakini walipoona magari yanavyozidi kuingia walizima mashine yao ya kufukia na kungoja. Ma Chiku hakuwa na mwanamume wa damu yake Texas nzima. Maalim Zaid aliuliza, "Nani wake?" na walipojitokeza wengi, akachagua mwenyewe kwa kidole. Abdulsamad alikuwa mmoja wa waliomteremsha.

Udongo ulipokwisha rudishwa, Maalim Zaid alichutama upande wa kichwani ili asome talakini, maneno ambayo maiti huambiwa akiwa peke yake, apate kujua la kujibu atakapoulizwa na malaika. Akaweka mkono juu ya udongo.

"Jina?"

"Mwanakhamis binti Ubeid," Abdulsamad akajibu upesi.

"La baba silitaki. Hapa mtu huitwa kwa mamake. Binti nani?"

Wanaume walianza kubishana. Mmoja alisema watu wake ni wa Pate. Mwingine akasema si Pate, ni Faza, na mamake alikuwa mfupi, aliwahi kumwona. Sharifu Mrefu alisema anajua jina la dada yake, kama litasaidia. Halikusaidia. Abdulsamad alikuwa tayari ametoa simu.

"Nampigia Jannat. Au nampigia dadake Mombasa, namba ninayo. Sasa hivi tu, Maalim."

"Kule ni saa ngapi?"

"Usiku wa manane."

"Weka simu, mwanangu. Utamwua na wa pili." Maalim Zaid alisogeza magoti yake yakae vizuri. "Tukikosa jina la mama, tunasema Hawa, mama yetu sote. Hajakosea mtu bado kwa hilo."

Akakohoa kusafisha koo, akainamia kaburi na kuanza, si kwa sauti ya kuhubiri, bali kama mtu anayemwamsha mwenzake safarini: "Ewe Mwanakhamis, binti Hawa..."

Abdulsamad alirudisha simu mfukoni na kuinua mikono. Mtu aliyesimama kando yake, aliyechelewa kufika kutoka Fort Worth, bado na kitambulisho cha kazi shingoni, alimwinamia sikioni.

"Mwanakhamis ndiye nani?"

"Ma Chiku."

"Ahaa," yule mtu akasema, naye akainua mikono.